Nondo Asiyezama

  

Leo, ndugu wasikilizaji, naanza na beseni. Hivi karibuni, hapa kwetu Kinama, Bujumbura, umeme ulikuwa umeondoka tangu adhuhuri, ukarudi kwenye saa mbili usiku. Mnajua unavyorudi. Watoto hupiga yowe mtaa mzima kama timu imefunga bao, na kila redio iliyosahauliwa wazi inaanza kusema peke yake. Taa ya dukani kwa jirani ikawaka, na chini yake kulikuwa na beseni la maji ya kusuuzia vyombo ambalo mtu aliliacha gizani. Dakika tano hazikupita, wadudu wakawa wamefika. Kumbikumbi hawakuwepo, haikuwa siku yao. Walikuja mbu, vikaja vidudu vya kijani ambavyo sijawahi kusikia mtu akivitaja kwa jina, halafu wakaja nondo wadogo weupe. Ninaposema wadogo, mfikirie ukucha wa kidole gumba: nondo hao wakitandaza mabawa yao yote wanaenea juu ya ukucha huo, labda na kubaki kidogo pembeni.

Wengi waliotumbukia kwenye beseni walipatwa na lililowapata nondo tangu dunia iumbwe. Walipapatika, mabawa yakalowa, yakanata majini, basi. Ila mmoja hakupapatika. Alitua juu ya maji, akasimama kwa miguu yake sita kama aliyesimama sakafuni, akatulia. Kisha akatembea mpaka ukingoni, akapumzika kidogo, akaruka kurudi kwenye taa. Binti yangu, ambaye hana habari ya kwenda kulala umeme ukirudi, akaniuliza: "Baba, huyu kafundishwa na nani kuogelea?"

Nilicheka. Lakini swali lake lilinishika, na ndilo ninalotaka tulizungumze jioni hii.

Kwanza tukubaliane juu ya neno. Ukisema nondo mbele ya fundi ujenzi wa Kigoma au Dar es Salaam, atakuuliza unataka za milimita ngapi, kwa sababu kwake nondo ni chuma cha kuweka ndani ya zege. Vijana wa huko wakisema fulani kashusha nondo, maana yake ametoa hoja nzito. Wazee wa pwani walikuwa na nondo wao tena, joka kubwa la kwenye hadithi. Na waliosoma Biblia wanamjua nondo mla nguo. Huyo wa mwisho ndiye aliyewaharibia jina wenzake wote, maana mtu akimwona nondo mawazo yanakwenda moja kwa moja kwenye sanduku la vitenge. Sisi huku Bujumbura mara nyingi tunaazima Kirundi tu, tunasema ikinyugunyugu, na hapo kipepeo na nondo wanaingia kapu moja.

Kapu lenyewe si baya, maana ni ndugu kweli. Wataalamu wamekwisha kuandika aina zaidi ya 150,000 za vipepeo na nondo duniani, na katika hao vipepeo hawafiki hata mmoja katika watano. Waliobaki ni nondo. Karibu wote wanalelewa nchi kavu: mayai juu ya jani, kiwavi juu ya jani, mvua ikinyesha sana kiwavi anatafuta pa kujificha. Ila uko ukoo mmoja, wenye aina kama 800 hivi, ambao viwavi wake wengi wanaishi majini. Sisemi karibu na maji. Nasema majini, chini, pamoja na samaki na viluwiluwi. Mfaransa Réaumur aliwaeleza kwa makini huko Ulaya tangu karne ya 18. Katika Afrika aliyesomwa zaidi ni mmoja anayeitwa Parapoynx stagnalis. Jina hilo alipewa na Mjerumani Zeller mwaka 1852, na hilo neno la pili ni la Kilatini, linatokana na maji yaliyotuama. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza ya kuandikwa kwenye daftari, mdudu huyu aliandikishwa kwa anwani yake: maji yasiyokwenda.

Na maji yasiyokwenda, ndugu msikilizaji, Kinama tunayajua.

Kwa ambao hawajafika kwetu, Kinama iko kaskazini mwa Bujumbura, komine Ntahangwa. Nyingi za katiye zetu, yaani mitaa yetu, zina majina ya mikoa: Ngozi, Muyinga, Ruyigi, Bubanza, Gitega. Mtu anaweza kuzaliwa Ngozi, akaoa Muyinga na kuhamia Ruyigi, na hajawahi kupanda basi. Mwaka 2025 serikali ilipunguza mikoa ya Burundi ikabaki mitano, Muyinga na Ruyigi zikaondoka kwenye orodha, lakini hapa kwetu bado zipo na zina mabaa. Mashariki yetu ni milima. Magharibi yetu ni bonde la Imbo, tambarare kama mkeka, linakwenda mpaka mto Rusizi. Maji yanayoanguka kwenye milima iliyo juu yetu yana njia yake ya kufika ziwani, nayo inapita kwetu au jirani na kwetu. Mto wetu mdogo ni Kinyankonge. Kiangazi unauruka, na ukiwa na viatu vipya unauruka kwa adabu kidogo, kwa sababu si maji matupu yaliyomo.

Usiku wa tarehe 9 Februari 2014, njia hiyo ya maji ilitukumbusha kuwa ni njia. Mvua ilinyesha milimani saa chache tu. Vijito vikashuka na mawe na matope, vikaingia Kamenge, Kinama, Buterere, Cibitoke na Gihosha watu wakiwa wamelala. Zaidi ya watu 60 walikufa, na maelfu wakabaki bila nyumba. Nyumba za matofali mabichi ziliyeyuka kama sukari. Sitaendelea na habari hiyo, wengi mnaonisikia mliizika wenyewe. Naitaja kwa sababu baada ya maji kushuka yaliacha madimbwi kila mahali, na tangu siku zile nina tabia ya kuchungulia madimbwi.

Basi kesho yake, baada ya habari ya beseni, nikachukua baiskeli nikashuka kuelekea kwenye mpunga. Ukitoka Kinama huhitaji kwenda mbali. Nyumba zinakwisha, inafuata mihogo na lengalenga, halafu yanaanza mashimo ambamo vijana walichimba udongo wa matofali, ambayo sasa yamejaa maji na matete. Kisha majaruba. Ukiendelea na barabara ya RN5 mpaka Gihanga ndiko kwenye mpunga wenyewe, mifereji iliyonyooka, maji yanayogawiwa kwa zamu, na SRDI, ile kampuni ya maendeleo ya Imbo ambayo wakulima huko huitaja kama watu wanavyomtaja shemeji, leo vizuri, kesho vibaya.

Nilisimama kwenye tuta la jaruba moja. Miche ilikuwa imepandikizwa kama wiki mbili tu, bado myembamba, maji yakiwa yamefika kwenye kifundo cha mguu. Mama mmoja wa makamo alikuwa anang'oa magugu. Nikamsalimu, nikamweleza kwamba natafuta kiwavi anayeishi majini. Nilitegemea atanicheka. Hakunicheka. Alinitazama kama mtu unayemwuliza habari za mdaiwa wake.

"Unamtafuta wa nini, mwanangu? Unataka kumnunua?"

"Nataka kumwona tu, mama."

"Wa kuonwa wako wengi. Njoo kwenye kona ile."

Alinipeleka kwenye kona ya jaruba upande ambao upepo wa ziwani ulikuwa unasukumia. Huko majani ya mpunga yalionekana kama yamepitiwa na mkasi. Ncha zimekatwa, tena zimekatwa sawasawa, kama kazi ya kinyozi. Majani mengine yalikuwa na mistari myeupe, mahali ambapo nyama ya kijani imekwanguliwa ikabaki ngozi tu, unaona mwanga upande wa pili. Na juu ya maji, yamebanana kwenye kona kama mitumbwi siku ya dhoruba, yalielea mabomba madogo ya majani, kila moja lenye urefu wa kama sentimita moja na nusu.

Akaokota moja akaniwekea kiganjani. "Huyu hapa. Mimi namwita mvuvi, maana hatoki mtumbwini."

Nikalishika karibu na macho. Ni kipande cha jani la mpunga kilichosokotwa kikawa bomba, ncha zote mbili wazi, ndani kimebandikwa hariri nyembamba inayong'aa. Ukiminya taratibu tone la maji linatoka, kwa sababu bomba lenyewe limejaa maji. Nikasubiri. Baada ya dakika moja hivi kichwa kikachungulia, cha rangi ya maji ya chai, kikaona kiganja si mahali pa maana, kikarudi ndani. Yule mama akachukua shina la jani na kusukuma upande wa nyuma, kama unavyosukuma uboho kwenye mfupa, na mwenye nyumba akatoka mzima. Kiwavi wa kijani kibichi kilichopauka, anapenywa na mwanga, unaona chakula chake tumboni. Ubavuni, kushoto na kulia, ana nyuzi nyeupe laini zilizogawanyika kama manyoya ya kifaranga. Kiganjani zilimlalia, hazina kazi. Nilipomtia kwenye maji ya kofia ya chupa zilifunguka zote kwa pamoja. Hizo ndizo pumzi zake. Zinafanya kazi ileile ya mashavu ya samaki, zinachukua hewa iliyomo ndani ya maji.

Hapo nikaelewa kwa nini anatembea na maji ndani ya bomba. Usiku anapanda shina mpaka kwenye majani ili ale, yuko nje kabisa, kwenye hewa yetu. Anabeba maji yake mgongoni kama sisi tunavyozama majini na hewa kifuani, ila yeye kageuza. Mchana anashuka, anakata jani, anaelea. Bomba likimbana anajikatia jingine.

Maisha yenyewe ni mafupi. Jike anatafuta jani lililolala juu ya maji, anaweka mayai upande wa chini, unaolowa, mayai 20 hivi kwa mistari iliyopangwa. Siku chache yanaanguliwa. Wiki mbili au tatu za mtumbwi. Kisha kiwavi anafunga bomba lake kwenye shina, juu kidogo ya maji, anaziba ncha, anageuka pupa humo ndani. Kama wiki moja baadaye, usiku, anatoka nondo mweupe mwenye madoa ya kahawia, na huyo ana siku chache tu za kutafuta mwenza na kupotezwa na taa zetu. Tangu yai mpaka yai ni kama mwezi mmoja. Mwezi wa mshahara, nilimwambia yule mama. Akasema yeye mshahara wake unakuja na mavuno, na huyu mvuvi anakula kabla yeye hajalipwa.

Sasa tuje kwenye ugomvi wenyewe, maana ugomvi upo, na si kati ya mtu na mdudu tu.

Dawa ya mdudu huyu haihitaji duka. Unafungua jaruba, maji yanatoka, unaliacha kavu siku mbili au tatu. Mwenye kupumua maji akikosa maji, kwisha. Wakulima wa mpunga Asia yote wanajua hilo, na vitabu vya IRRI, taasisi ya utafiti wa mpunga yenye makao yake Ufilipino na ofisi hapa hapa Bujumbura, vinafundisha hivyohivyo. Huko India wako wanaotangulia kuvuta kamba iliyolowekwa mafuta ya taa juu ya miche, watu wawili, mmoja tuta hili, mwingine tuta lile, ili mabomba yaanguke majini. Na mpunga wenyewe si dhaifu kiasi hicho. Ukishapita utoto unaota majani mapya, unachelewa tu siku kadhaa. Kwa hiyo ukisoma vitabu utasema hili si tatizo.

Lakini kitabu hakina jirani. Nilimwuliza yule mama kwa nini hafungui maji. Akanyoosha jembe kuelekea jaruba la chini.

"Nikifungua, yanakwenda kwa yule. Na mvuvi anakwenda nayo na mtumbwi wake. Mwaka juzi yule pale juu alifungua usiku. Asubuhi mimi ndiye niliyekuwa na viwavi wa watu watatu."

"Hukumwambia?"

"Nilimwambia. Akasema viwavi hawana alama."

Mnaona? Halafu liko jambo la zamu. Ukishamwaga maji yako Jumatatu, nani amekuhakikishia mfereji utakuwa na maji Alhamisi? Mtu aliyekesha kwenye mfereji akilinda zamu yake hawezi kuyamwaga kirahisi kwa sababu ya mdudu mdogo. Anaona afadhali kuvumilia majani yaliyokatwa kuliko kulala akiwa na jaruba kavu na ahadi. Wengine wanaweka nyasi au kipande cha chandarua cha mbu kwenye tundu la kutokea maji, mabomba yanakwama hapo, asubuhi wanayazoa na kuwapa kuku. Hiyo nimeiona kwa macho yangu siku ileile, tena chandarua chenyewe kilikuwa bado na lebo ya msaada. Dawa za kunyunyizia zipo pia, lakini yule mama alinionyesha kitu: konokono kwenye shina. Alisema konokono wanasafisha mayai. Ni kweli, konokono wa majini wanakula mayai ya nondo huyu, na mbawakawa wa majini wanawala viwavi, na kereng'ende wanawadaka nondo wazima. Ukinyunyiza dawa unawaua askari kwanza, mwizi yumo ndani ya bomba.

Nilichotaka kusema leo kilinijia nikiwa nimesimama pale na kofia ya chupa mkononi. Sisi tunamwita mdudu huyu mharibifu wa mpunga. Sawa, anaharibu. Lakini maji yalikuwepo Imbo kabla ya mpunga. Yalikuwepo mafunjo, yale ambayo Kirundi kinayaita urufunzo, yalikuwepo matete na nyasi za bwawani, na nondo wa ukoo huu wanakula nyasi hizo za porini bila kumkosea mtu. Tangu enzi za Wabelgiji bonde likapimwa, mifereji ikachimbwa, tukatandaza nyasi ya aina moja, laini, changa, yenye maji ya kiasi kilekile hekta kwa hekta. Kwa nondo wa majini hilo ni sawa na mtu kukuamsha na kukwambia mtaa wako wote umegeuzwa kuwa mgahawa. Angekataa vipi?

Na upande wa pili, upande wetu wa mjini, tumefanya kinyume chake. Tumefukia. Mabonde madogo ya Kinyankonge niliyokuwa nayajua na vyura wake leo yana ukuta na geti. Simlaumu mtu, nyumba zinatakiwa na watoto wanazaliwa. Ila maji hayakupewa barua ya kuhamishwa. Miaka ya 2020, 2021 na 2024 ziwa Tanganyika lilipanda, Rusizi ikarudi nyuma, Gatumba ikakaa ndani ya maji miezi, watu wakaishi kwenye mahema. Nilikwenda huko wakati mmoja nikaona mlango wa nyumba maji yamefika kwenye kitasa, na nyasi za majini zimeota sebuleni. Huku tunayanyang'anya maji nafasi, kule yanatunyang'anya nyumba, na hesabu haijafungwa. Sikuwa najua habari za nondo huyu wakati ule. Ningejua, ningechungulia zile nyasi za sebuleni.

Ninapotaja Rusizi najua mnafikiria nini. Mnafikiria viboko na mamba Gustave. Hifadhi ya Rusizi imewekwa tangu 1980, na mwaka 2002 delta yake ikaingizwa kwenye orodha ya maeneo oevu ya mkataba wa Ramsar, mkataba uliotiwa saini Iran mwaka 1971. Watalii wanakuja na kamera ndefu kumtafuta mamba. Mimi nimekwenda na watoto mara mbili, mamba hatukumwona hata mara moja, tukarudi na picha za mgongo wa kiboko ambao ungeweza pia kuwa jiwe. Nondo mweupe wa majini hakudai tiketi, wala boti. Yuko kwenye shimo la matofali nyuma ya nyumba yako.

Nisije nikawafanya mdhani nondo wote wa maeneo haya wana tabia moja. Yuko mwingine wa kwenye mpunga wa Afrika, Maliarpha separatella, rangi ya maziwa, huyo ndiye jambazi hasa. Kiwavi wake haelei. Anatoboa shina anaingia ndani, anakaa humo mpaka mavuno, unaweza kumwaga maji ya ziwa zima hajui. Wakulima wa Mwea nchini Kenya wanamfahamu vizuri. Na yuko mwingine ambaye watu walimtafuta kwa hiari yao: Niphograpta albiguttalis, nondo wa Amerika ya Kusini ambaye kiwavi wake anatoboa mabua ya gugu maji. Gugu lenyewe lilitoka hukohuko, likaziba mito na maziwa ya Afrika, hata hapa ufukweni kwetu mnalijua. Nondo huyo alipelekwa Sudan, Afrika Kusini, Malawi na kwingineko alitie adabu. Kwenye Ziwa Victoria waliwatumia zaidi fukusi wa Neochetina tangu katikati ya miaka ya 1990, na fukusi wakafanya kazi kweli. Kwa hiyo kiwavi wa mimea ya majini anaweza kuitwa mharibifu jaruba hili na kuandikiwa barua ya mwaliko ziwa lile. Inategemea anakula nini chako.

Kuna nondo mmoja wa Ulaya ambaye hata yule mama nilipomsimulia aliacha kung'oa magugu. Jike lake, katika hali ya kawaida, halina mabawa ya kurukia. Anazaliwa chini ya maji, anakua chini ya maji, akiwa nondo kamili anaendelea kuishi chini ya maji, anaogelea kwa miguu. Usiku anapanda juu, anatoa sehemu ya mwili wake nje kidogo, dume anayeruka anamkuta hapo, wanaoana, jike anazama zake kwenda kutaga. Siku moja au mbili, kwisha habari.

Yule mama alifikiri kidogo. "Na mume anabaki juu?"

"Anabaki juu."

"Basi ni kama wa kwetu wa ndagala," akasema, "usiku wote yuko juu ya maji na taa." Akaendelea na magugu.

Nilirudi Kinama na mabomba matatu kwenye chupa iliyokuwa ya siagi ya karanga, pamoja na maji ya jaruba na mashina mawili ya mpunga ambayo yule mama aliniuzia. Ndiyo, aliniuzia. Chupa tuliiweka dirishani. Usiku wa kwanza binti yangu aliamka mara mbili kuimulika kwa simu. Alipomulika mara ya pili wavuvi wote watatu walikuwa juu, kwenye majani, na mabomba yao yamening'inia nyuma kama mzigo wa mtu anayepanda ngazi. Tukasikia, au tulijidanganya kusikia, mkwaruzo mdogo sana wa jani linalokwanguliwa. Asubuhi walikuwa wanaelea, na majani mawili yamekatwa ncha.

Mmoja alikufa siku ya nne, sijui tulimkosea nini, labda maji yalipata joto dirishani. Mwingine kuku wa jirani aliingia ndani, sitaki kuongeza. Wa tatu alijifunga kwenye shina siku ya sita, akaziba mlango wa mbele na wa nyuma, akanyamaza. Tukasubiri. Binti yangu alikwisha kukata tamaa, akasema huyu naye amekufa, tumwage. Nikamwambia tumpe mpaka Jumapili.

Jumamosi usiku umeme uliondoka tena. Ulipokuwa haupo, kwenye giza lile, ndipo alipotoka, maana asubuhi tulikuta bomba lina tundu la duara ubavuni na ndani ni tupu, hariri tu. Tukatafuta kwenye pazia, juu ya kabati, nyuma ya chupa, hatukumpata. Dirisha lilikuwa wazi.

Jana jioni, taa zilipowaka, nilimkuta binti yangu amechuchumaa mlangoni. Amejaza beseni maji safi mpaka ukingoni, ameliweka sawasawa chini ya taa ya nje, na anasubiri. Nikachuchumaa naye. Mama yake akatoka jikoni kuuliza ni nani aliyechukua beseni lake la kuoshea mchele. Tukanyamaza wote wawili.